Jiwe la Michembe Lilipofaulu

Kazi pekee niliyowahi kuipenda ilinifuata nyumbani. Kambi ya barabara ilijengwa jirani na kijiji chetu, upande huu wa Samuye, nikachukuliwa kusaidia kupima zege kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti ambacho hata mbuzi asingekitafuna mara mbili. Raha yake ilikuwa mchana: nilikula ugali kwa mama.

Tulichanganya saruji, mchanga, maji na kokoto za miamba mbalimbali, tukamimina kwenye vikasha vya chuma. Vipande vilipokauka tulivilaza majini vikomae, kisha mashine ikavipinda hadi vikatike. Malori ya kwenda Geita hayana huruma. Mhandisi alitaka kujua zege la kokoto ipi litayavumilia.

Kokoto mojawapo ilitoka kwenye jabali la nyuma ya nyumba yetu. Juu yake mama alianika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kama alivyofanya mama mkwe wake. Kipande cha kokoto hiyo kiligoma kukatika. Mashine ikaguna, tukashangilia, nikakimbilia nyumbani.

"Mama, jiwe letu limeongoza!"

"Afadhali lenyewe, ng'wanone. Kumbe kaya hii ina mwenye akili."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Viongozi wa kijiji walipokuja kumwuliza kama ana pingamizi jabali lipasuliwe, akasema hana. Jiwe limefaulu, alizuieje? Nami nilijua fika kipimo kile ni cha nini, lakini nilikuwa bado kwenye sherehe. Shuleni tulizoea kwamba anayepoteza ni aliyefeli.

Siku ya kulipasua, michembe ilikuwa juu yake. Walimngoja mama aizoe.

Sasa barabara imekwisha, kambi imehamia Geita, na mimi, kama kawaida yangu, nimebaki. Palipokuwa na jabali pana shimo. Ng'ombe wa jirani hunywa humo. Nilimletea mama vipande vya zege vilivyotupwa, nikavipanga uani kama sakafu ya kuanikia. Michembe inadumbukia kwenye mianya, na inayosalia inanuka saruji.

Juzi nilimkuta amepiga magoti, anaichokoa kwa kijiti.

"Lililofaulu limeondoka," alisema bila kuinua macho. "Limeniachia wewe."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Nikaenda kutafuta kijiti changu.