Mtaji wa Baba Mkwe

Ubunifu, alitamka mgeni rasmi katika ukumbi wa halmashauri, ndio mtaji wa karne hii. Hauhitaji dhamana wala kiwanja, na haumgharimu mtu yeyote chochote. Kijana mwenye simu na wazo ameshika benki kiganjani. Ukumbi ulipiga makofi. Kisha akaitwa kijana mwenye simu na wazo, akakabidhiwa tuzo ya kioo. Ni haki kueleza wazo lenyewe lilitoka wapi.

Lilitoka kwa baba mkwe wake, kwa maana zote.

Mzee huyo ni fundi makochi. Kibanda chake kinanuka gundi, sponji kuukuu na miaka ya watu waliokaa. Ukilifungua kochi umeingia ndani ya nyumba ya mwenyewe: kuna vitana, vijiko, barua zilizochanwa, na safari moja meno ya bandia. Fundi huvifunga vyote kwenye karatasi na kumrudishia mteja bila kuuliza. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kusikia meno yale yalikuwa ya nani.

Kazi yake huifanya kwa mdomo. Konzi nzima ya misumari midogo huingia shavuni, ulimi huugeuza mmoja mmoja, hutokeza midomoni kichwa kikiwa mbele, mkono huupokea na nyundo hugonga. Mkono wa pili hauachii kitambaa kilichovutwa. Ndiyo siri ya kasi yake, na ndiyo sababu hajibu ukimsemesha. Akiudhiwa, hutema kwanza misumari kiganjani, ndipo hutukana. Tusi lililosubirishwa hivyo hutoka limeiva.

Mkwewe alikuwa amehamia kwake na mke wake, binti wa fundi, kwa muda, muda ambao haukuonyesha dalili ya kwisha. Mtaani aliitwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha. Siku moja alimrekodi mzee akitema misumari na kumpa mteja msumbufu haki yake. Kufikia jioni video ilikuwa imetazamwa na watu wasiojua hata kochi hutengenezwaje.

Wahenga walisema hasira hasara. Mkurugenzi aligundua kwamba wahenga hawakuwa na simu.

Akaanza kuzilima hasira za mzee kama bustani. Leo kakalia kochi lenye gundi mbichi, kesho kamwaga soda kwenye kitambaa cha mteja. Mtandao ukampa mzee jina, Babu Msumari. Wateja wakaanza kuja na viti vizima, kuchokoza tu.

"Baba, vumilia," binti yake alimbembeleza. "Mwenzio anatutafutia."

"Anatutafutia nini? Mimi sijapotea."

"Zamani mkwe akimwona baba mkwe alimpisha njia," alisema mke wa fundi huku akimenya viazi. "Huyu wetu anasema, baba sogea, unaziba taa."

Ndipo ikaja kazi ya viti vya ukumbi wa halmashauri. Vilikuwa vimechanika, sponji imetoka kama ulimi wa mgonjwa, na vilitakiwa kabla ya sherehe ya kutoa tuzo ya ubunifu. Fundi hakuwahi kupata kazi kubwa kiasi hicho. Ikienda vizuri, ofisi nyingine zingefuata, na mtu angekuja tena kibandani kwa ajili ya kiti.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mengine yote nimekuachia. Viti hivi usivichezee."

"Mimi, baba? Sina ugomvi na viti."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuvigusa. Alimngoja mzee ainame, shavu limejaa, akampulizia honi sikioni.

Safari hii fundi hakutema. Alimeza.

Katika video anaonekana amejishika koo, macho yamemtoka, misumari mingine ikimdondoka kifuani. Sauti ya mkwe inasikika vizuri sana: "Baba, tema! Tema basi, tuone!" Picha haitikisiki. Mkono wa kijana ulikuwa imara.

Hospitali walimpiga picha, wakaona msumari mmoja uko safarini. Daktari aliagiza uji, subira na ukaguzi. Ukaguzi maana yake ilikuwa beseni, nyuma ya nyumba, na mke wa fundi akiwa amevaa glavu. Mtandaoni wafuasi walikuwa wanauliza, wengine wanawekeana dau: umetoka, haujatoka?

"Mama," Mkurugenzi alimwomba kwa adabu zote, "usimwage kabla sijafika."

"Nisimwage nini, mwanangu?"

"Hilo beseni. Watu wanasubiri."

Mama mkwe alianza kuvua glavu. "Na taa utaleta?"

"Ikiwezekana, mama. Huku nyuma mwanga ni hafifu."

Alimrushia glavu. Hakuwa na kingine mkononi cha kumrushia.

Msumari ulitoka, mama mkwe akautupa. Kijana aliutafuta jalalani kwa bidii ambayo hakuna mwajiri aliyewahi kuiona. Akauosha, akaulaza juu ya pamba nyeupe, akaurekodi na muziki laini. Video hiyo ndiyo iliyoshinda tuzo. Waamuzi waliisifu kwa kugusa masuala ya familia na usalama kazini. Hakuna aliyeuliza hali ya mwenye tumbo.

Mwenye tumbo alikuwa amerudi kibandani. Alitia misumari mdomoni, koo likajifunga. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Mkwewe alichungulia mlangoni. "Baba, ukijaribu tena uniite." Fundi aliitema misumari kiganjani, akaitafutia kopo.

Sasa misumari anaiweka kwenye kopo la maziwa. Mkono ukienda koponi, kitambaa kinalegea. Akikivuta tena, kinapinda. Anafumua na kuanza upya, na vidole vyake vimevimba kwa nyundo. Alifanya hivyo hadi siku ya sherehe. Sehemu za kukalia alizimaliza. Kwenye migongo hakufika.

Kwa hiyo, kabla mgeni rasmi hajasimama kuzungumzia mtaji, mshereheshaji aliwaomba waheshimiwa wasiegemee.