Meno Yangu na Sufuria ya Mama

Nilipofikisha miaka kumi na sita nilikuwa nimeshayasugua meno yangu kwa karibu kila kitu kilichokuwa jikoni kwa mama, isipokuwa unga wa ngano. Unga wa ngano niliuacha kwa sababu ulikuwa wa chapati za kuuza na mama alijua kiasi chake.

Meno yangu ya mbele yalikuwa, na bado ni, ya rangi ya chai ya mkandaa, yenye mistari myeupe kama mtu ameyachora kwa chaki. Si uchafu. Lakini miaka hiyo mimi na mama tuliamini ni uchafu. Mama aliamini ni uchafu wa uvivu, na kila asubuhi alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akanivuta mdomo wa juu kwa kidole gumba, akasema, "Rudi upige tena." Nilirudi. Nilipiga mswaki mpaka nikatema damu, na jua lilipochomoza vizuri meno yalikuwa yaleyale.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa kaka yangu. Kaka alikuwa na meno meupe ya kutangazia dawa ya meno, na alipiga mswaki siku ya Jumapili, tena akikumbushwa. Yeye alizaliwa Murang'a na alikuwa na miaka minane tulipohamia Kitengela, baba alipopata kazi ya kiwanda. Mimi nililetwa nikiwa bado nanyonya. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyefikiria kuyaunganisha mambo hayo mawili.

"Mmetoka tumbo moja," mama alikuwa akisema. "Yake ni meupe. Wewe mswaki yako unapiga nayo nini?"

Mama alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara ya Namanga, karibu na mahali malori yalipokuwa yakishusha ng'ombe. Aliuza chai, mandazi, chapati na githeri. Githeri yake ilisifika kwa ulaini, hata wazee wasio na magego waliimaliza bila shida. Maji yalitoka kwenye kisima cha mashine, borehole kama tulivyokiita, kilichokuwa nyuma ya maduka. Yalikuwa na chumvi kidogo na mama aliyachemsha mpaka yakapungua nusu, kwa sababu alikuwa mtu msafi na aliogopa homa ya matumbo kuliko alivyowaogopa wezi. Kisha alitupia magadi kidogo kwenye mahindi na maharagwe ya githeri ili yaive haraka. Magadi yake yalikaa ndani ya mkebe wa kahawa, rafu ya juu, na hakuruhusu mtu mwingine ayapime. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamwona vibaya.

Jiko hilo ndilo lililokuwa duka langu la vipodozi. Nilianza na makaa, niliyoyasaga na kuyapitisha kwenye kichungi cha chai. Kichungi sikukisuuza vizuri, na asubuhi hiyo madereva wawili walimuuliza mama kama chai ni ya jana. Nikahamia kwenye ndimu na chumvi. Ndimu ilinitia ganzi nikashindwa kunywa hata uji wa vuguvugu kwa siku tatu. Nikachukua steelwool ya sufuria, na hapo sitaeleza zaidi, ila nilikula ndizi za kupondwa wiki nzima na nikamwambia mama ni jipu. Mwishowe nikapanda kiti nikayashusha magadi. Kama yanalainisha maharagwe makavu ya mwaka jana, niliwaza, doa la meno litayashinda vipi? Yaliniunguza fizi. Midomo ilivimba nikaenda shule nimejifunga skafu kama mtu mwenye matubwitubwi.

Nilipoishiwa na jikoni nilikwenda kwa waliobobea. Siku ya soko mchuuzi mmoja aliniuzia unga wa kung'arisha meno uliofungwa kwenye karatasi, unga ambao baada ya kuuonja niliutambua: ndio tuliooshea sinki shuleni. Mwenye saluni alinichovyea pamba kwenye dawa ya kupausha nywele akanipaka. Ulimi uligeuka mweupe, meno yakabaki. Alinionea huruma, akanipa ushauri wa bure.

"Paka lipstick nyekundu kabisa," alisema. "Watu wataangalia mdomo, hawataangalia meno."

Niliipaka. Watu waliangalia mdomo, kisha meno, kisha mdomo tena. Baada ya hapo nikazoea kucheka huku nimejifunika mkono, na nikawa msichana mwenye hasira za karibu, kwa sababu mtu asiyecheka lazima afanye kitu kingine na uso wake.

Aliyeniambia ukweli wa kwanza ni mama mmoja wa Kimaasai aliyetuletea maziwa. Alifika kila asubuhi na kibuyu kimoja na mtungi mmoja wa plastiki, tukamwita yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wanawe. Siku hiyo nilikuwa nimembeba mgongoni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa na miezi minane na alikuwa ameanza uji. Yeyo alinisalimia, "Supa," nami nikaitikia, "Ipa," mkono mdomoni.

"Kwa nini unafunika mdomo kama mtu ameiba sukari?" aliuliza.

"Meno yangu ni mbaya, yeyo."

Alicheka na kunionyesha yake. Yalikuwa meupe na mapana. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa amebaki nje na punda, akamwambia acheke. Meno ya binti yalikuwa yangu tupu.

"Mimi nilikulia maji ya mvua na ya mto," alisema. "Hawa wamekulia hii ya mashine. Si uchafu. Ni maji iko hivyo. Hata ukisugua na jiwe haitatoka."

Sikumwamini kwa sababu alilisema kwa wepesi mno, jambo lililonila miaka yote hiyo. Lakini nilipompeleka mtoto kliniki huko Kajiado mwezi uliofuata, niliuliza mlango wa daktari wa meno uko wapi. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye adabu. Alinitazama mdomoni kwa muda mfupi kuliko mama alivyozoea.

"Haya hayaoshwi," alisema. "Rangi iko ndani ya jino. Iliingia jino likiwa bado ndani ya fizi, ulipokuwa mdogo sana, kwa madini yaliyomo kwenye maji yenu ya kunywa na ya kupikia." Aliniuliza tunapikaje. Nilimweleza kuhusu kisima, nikamweleza mama anavyoyachemsha, nikamweleza magadi. Alitikisa kichwa. Alisema kuchemsha hakuondoi kitu hicho, kunakikoleza tu, na magadi yanakiongeza. Kisha akamwangalia mtoto aliyekuwa akitafuna kadi yake ya kliniki.

"Huyu ni wenu pia? Meno yake ya pili sasa hivi ndiyo yanatengenezwa. Mpikieni na maji ya mvua mpaka afike miaka saba, minane. Wewe tumechelewa. Yeye bado."

Nilirudi Kitengela nikiwa na furaha na ghadhabu kwa kiasi sawa. Furaha ilikuwa ya kujua kwamba sikuwa mchafu. Ghadhabu ilihitaji mtu wa kuibeba, na mtu aliyekuwa karibu ni mama. Nilimkuta anachagua maharagwe. Nilimwambia yote kwa mpigo, nimesimama, sijamshusha mtoto.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo," alisema, "unasema mimi ndiye nilikuharibia meno?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni maji, kama yeyo. "Ndiyo," nilisema. "Wewe na magadi yako. Halafu ukanigombeza kila asubuhi."

Mama aliendelea kuchagua maharagwe. Aliyarudia yale aliyokuwa ameshayachagua. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakuniangalia mdomoni wala usoni.

Nilichukua upishi wa mtoto mikononi mwangu. Nilimsihi baba akafunga mabati ya mfereji kwenye paa, nikatenga pipa moja la maji ya mvua na sufuria moja ndogo ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Uji wake, chai yake, mchele wake, vyote nilivipika mimi kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Maharagwe yake niliyaloweka tangu jioni, nikayachemsha bila magadi mpaka mkaa ukaisha. Mvua zilipokata nilinunua maji matamu kwa mwenye mkokoteni wa punda. Mama aliyaona yote akapita. Alidhani, nadhani, kwamba kila mtungi niliobeba ulikuwa unamsema.

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta ameshika sufuria yangu ndogo. Maharagwe ya mtoto yalikuwa yamegoma kuiva, mtoto analia njaa, na vidole vya mama vilikuwa vinatoka kwenye mkebe wa kahawa. Sikuuliza. Nilimwaga maharagwe, nikachukua mkebe, nikautupa kwenye shimo la choo na magadi yake yote. Kesho yake githeri ya kibandani ilikuwa ngumu. Wateja walitafuna kwa heshima mpaka mmoja akauliza kama leo ni mahindi ya kuku. Mama alisema mkaa ulikuwa na unyevu. Hakunisema. Ningependa angenipiga, maana nilistahili, na tungemaliza.

Mtoto alipokuwa na miaka mitatu nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kuuza katika duka la nguo Kajiado. Duka lilikuwa la familia moja ya Kiislamu kutoka Kaskazini Mashariki, na nililala chumba cha nyuma na binti wa mwenye duka. Jumapili mbili kwa mwezi nilikwenda nyumbani. Usiku wa kuamkia siku niliyoondoka nilikuwa nimemweleza mama kila kitu upya, polepole: pipa lile, sufuria ile, kuloweka jioni, magadi hapana. Alikuwa anakunja nguo. Alisema, "Nimesikia." Ni neno ambalo mama alilitumia kwa mambo aliyokubali na kwa mambo aliyoyapuuza, sauti ileile.

Miaka mitano sikujua ni lipi kati ya hayo mawili. Nilipofika nyumbani niliona pipa lina maji, lakini pipa linaweza kuwa na maji ya aina yoyote. Niliona sufuria ndogo imeoshwa, lakini mama aliosha kila kitu. Nilitaka kuuliza kila mara na kila mara niliogopa. Kama angesema amechoka na maji ya mvua ningeweza kumlaumu nini, mwanamke mwenye kibanda na miguu iliyovimba, mimi nikiwa kilomita nyingi nauza leso? Na kama angesema anafuata, ningemwamini? Nilikuwa nimemwita mharibifu mbele ya mtoto. Sikuwa na haki ya kumkagua.

Meno ya maziwa ya mdogo wangu yalianza kung'oka akiwa darasa la kwanza. Mapya ya chini yaliota nikiwa Kajiado, na nilipokuja alikuwa ameyafunika na mdomo wa chini kwa sababu kaka alimtania eti ni ya sungura. Sikulazimisha. Mwaka uliofuata, nadhani ilikuwa elfu mbili na tatu, niliingia nyumbani Jumapili saa nane mchana, nikamkuta kakaa kwenye stuli jikoni akila muwa. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anasukuma chapati. Mtoto aliniona akacheka, mdomo wote wazi, bila mkono.

Niliweka mfuko chini. Nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Meno mawili makubwa ya mbele, yenye ncha za msumeno kama meno mapya yote, meupe. Niliyatazama moja moja. Nikatazama ya chini. Nilikuwa namkandamiza kidevu bila kujua.

"Dada, unaniumiza." Nilipomwachia, alinitazama na yeye, kwa makini ya mtoto wa darasa la pili. "Dada, mbona zako ni za brown?"

Nilikuwa na jibu la siku zote la kuwapa watoto, kwamba nilizaliwa hivyo. Mama alinitangulia. Hakugeuka.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpikia na maji ya borehole na magadi. Sikuwa najua. Halafu nikamgombeza."

Mtoto alitafakari hilo huku akitema kapi la muwa mkononi. "Na mimi ulinipikia na nini?"

"Wewe si mimi nilikupikia. Wewe ni dada yako."

"Lakini dada hukaa Kajiado!"

"Hata hivyo," mama alisema, akageuza chapati.

Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka saba, na yalipofika nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka kumwambia hapana, mama, ni maji tu, ni maji iko hivyo. Badala yake nikasema naenda kuchota maji, nikashika ndoo, nikatoka haraka. Nilifika uani ndipo nikaona kwamba ndoo niliyoibeba ilikuwa imejaa.