Kisiwa Kizima kwa Kipande cha Shamba

Kosa langu la kwanza katika kutafsiri ni kwamba nilitafsiri hata yasiyosemwa.

Kiswahili nilijifunza mwenyewe, kwa kuwafuata wapagazi sokoni karibu na boma la Wadachi. Nikirudi mlimani, nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi. Neno likinishinda, chakula hakikushuka. Baadaye nilimpata mwashi mmoja, mtu wa Unguja, aliyeletwa kupaka chokaa kuta za boma. Nilimpelekea ndizi, naye akanisimulia kisiwa chake. Wareno walikuja wakatawala. Waarabu wa Omani wakaombwa waje kuwafukuza. Wakawafukuza, kisha wakabaki wao, wakapanda mikarafuu kwenye mashamba ya watu, la babake mwashi likiwamo. Mwisho Mwingereza akaleta manowari, akapiga jumba la mfalme kwa mizinga asubuhi moja.

"Lakini kitajitawala," mwashi alikuwa akisema, kama mtu asemavyo mvua itanyesha.

Kazi ya boma ilipokwisha, hakutaka kurudi. Alitaka kipande cha shamba kwetu Meru, apande migomba. Kwetu mgeni hupewa shamba na wazee wa mfereji, wale wanaogawa maji yanayoshuka mlimani, maana shamba lisilo na zamu ya maji halina faida. Mkubwa wao alikuwa baba yangu mkubwa. Hawakujua Kiswahili, kwa hiyo nikaitwa mimi.

Tulikaa uani kwake, pombe ya ndizi katikati. Mwashi akasema, "Shikamooni, wazee. Naomba kipande cha shamba. Nyumbani sina."

Niliona ni maneno machache mno. Wakimkatalia, atakuwa hana pa kwenda, na lawama ni yangu. Basi nikaanzia kwa Wareno. Nikaja kwa Waarabu, nikapanda mikarafuu, nikafyatua mizinga yote. Jasho lilinitoka, lakini sikuacha kitu.

Baba mkubwa akaniuliza, "Kwa hiyo huko, aliyekaribishwa ndiye aliyechukua mashamba?"

"Ndiyo, baba."

"Na huyu anaomba tumkaribishe."

Kibuyu cha pombe kilichokuwa kinamwelekea mwashi kikasimama njiani.

"Wanasemaje?" mwashi akaniuliza.

"Wanafikiri."

"Umewaambia nini kirefu hivyo?"

"Kisiwa."

"Kizima?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaangua kicheko. "Kijana, mimi nimeomba migomba, wewe umeniletea manowari!"

Hilo nalo nikalitafsiri, kwa kuwa sikujua kuacha. Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga pombe.

"Muulize," baba mkubwa akasema akijifuta macho, "hao waliochukua kisiwa, walizibua mfereji pamoja na wenyeji?"

"Hata jembe hawakulishika," mwashi akajibu.

"Basi kesho aje mferejini. Anayezibua nasi hunywa nasi."

Kesho yake alifika kabla yetu. Tope lilikuwa limeziba mfereji juu kabisa, na maji ya kule yana baridi ya mlima. Alipotia mguu alitoa sauti kama ndama.

"Mtu wa baharini anaogopa maji!" akina mama wakamtania kutoka ukingoni.

"Waambie ya kwetu hayana meno," akanijibu nilipomtafsiria. Nikawaambia hayo tu. Akazama mpaka mapajani, tukamvuta, akarudi tena. Aliimba nyimbo za kwao, na sisi tukaitikia bila kujua tunaitikia nini. Maji yalipofunguka yakashuka yakikimbia, watoto nyuma yake, na baba mkubwa akamwonyesha shamba lake, chini ya letu.

Tukiwa njiani kurudi, baba mkubwa akaniuliza polepole, "Kile kisiwa, anasema kitajitawala?"

"Anasema hivyo, baba."

Akatazama chini, upande wa boma. "Siku hiyo ikifika, atueleze watu wake walivyofanya."

Siku hizi mwashi ana migomba inayozaa na zamu yake ya maji. Mimi, mtu akiniambia maneno mawili, natafsiri mawili.