Bustani Niliyomchorea Mzee wa Kibosho

Ujuaji wangu umeniponza. Mimi ni mchora ramani za nyumba, Mchaga niliyezaliwa Pasua, mjini. Nilichoshwa na vile vinukta vya kompyuta vya kujazia bustani, nikabuni ruwaza yangu: nilichora jani la isale, ule mmea wa Wachaga, refu, zuri, nikaiagiza kompyuta ilirudie mpaka ua wote ujae.

Jana nilipanda Kibosho kumkabidhi mzee mmoja ramani ya nyumba yake mpya. Aliitazama. Wanawe wakaweka vikombe chini. Nikadhani wameduwazwa na ufundi, nikajitapa: "Majani hayo nimeyabuni mwenyewe, baba!"

Mzee akaweka kidole kwenye ramani, mbele ya mlango wa chumba chake.

"Kijana, isale tunapanda mipakani na makaburini. Hapa mpaka hakuna. Umemzika nani?"