Leso Arobaini za Marafiki wa Bombetoka

Koulsoum alizaliwa kisiwa cha Nosy Be kwa sababu mama yake aliikimbia Mahajanga, mji wa pwani ya Madagaska, akiwa na mimba ya miezi saba. Ulikuwa mwisho wa mwaka wa sabini na sita, siku zile watu wenye asili ya Komoro waliponyooshewa kidole na kuitwa wa kuja, na baada ya kidole yakafuata mapanga. Mama hakupenda kusimulia. Alisema tu kwamba alitoka na sufuria moja na mtoto tumboni, na kwamba sufuria ndiyo iliyomlemea.

Miaka ishirini baadaye Koulsoum aliolewa Mahajanga, akarudi katika mji ambao hakuwahi kuuona. Mama hakulia. Alimwambia, "Nenda, mji ni wako. Ila ukisikia mtu anaitwa wa kuja, hata kama si wewe, usicheke."

Akakaa mtaa wa Mahabibo. Kila asubuhi alipika mokari mlangoni, zile keki za unga wa mchele ambazo ni ndugu wa vitumbua, na jioni aliimba. Sauti yake ilikuwa nzito, inayoanzia tumboni. Mumewe alipofariki, alizidi kuimba. Ndipo wanawake wakamfanya mkubwa wa kikundi chao, Nuru, wanawake arobaini wa maulidi, harusi na matanga. Nuru ilikuwa na sufuria kubwa sita na desturi moja: aliyekuvika nguo, humnyimi chombo. Mtu akiwapa leso za sare, siku akija kuomba sufuria anachukua, haulizwi anapika nini.

Binti yake, Rahamatou, ndiye aliyewafungulia ukurasa wa Fesibuku. Ulianza na picha za harusi, ukawa mdomo wa ukoo mzima. Mtu akifa Mahabibo saa mbili, saa tatu Nosy Be wanajua, saa nne Marseille wanalia. Watu elfu kumi na mbili waliufuata. Koulsoum, ambaye aliishia darasa la tano, alipenda kuukuza mwandiko kwa vidole viwili mpaka neno moja likajaa kioo chote, alisome vizuri.

Ukaja mwaka wa kuchagua meya. Siku moja kijana mmoja, Fazul, mpiga debe wa mgombea Djaffar, alileta furushi la leso arobaini za zambarau. Hazikuwa na sura ya mtu wala rangi ya chama. Chini zilikuwa na jina, yaani msemo, kama leso zote: Wema hauozi. Na chini ya jina, kwa herufi ndogo: Marafiki wa Bombetoka, ile ghuba ya mji wao.

"Ni zawadi tu, mama zangu. Kwa harusi ya binti wa Hadidja."

"Djaffar anataka kura zetu," Hadidja, mwenzao wa Nuru, alicheka, huku ameshajifunga yake.

"Nani kamtaja Djaffar?" Fazul akajibu.

Wakazivaa, wakaimba, wakapigwa picha. Wiki ya pili Fazul akarudi, akamkuta Rahamatou peke yake uani, mtoto yuko titini. Akauomba ukurasa, siku mbili tu, kuweka salamu. Rahamatou akampa neno la siri, kama ambavyo angempa sufuria, hata hakumsumbua mtoto aliyekuwa ananyonya.

Alhamisi asubuhi Soa hakuja kununua mokari. Soa alikuwa muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mzaliwa wa kusini mwa Madagaska, na kila siku alichukua sita. Koulsoum akamfungia sita kwenye karatasi, akavuka kumpelekea. Soa hakuzipokea. Alimwonyesha simu.

Ilikuwa sura ya Koulsoum, mdomo wazi, katikati ya wimbo. Juu yake pameandikwa kwa Kimalagasi: Mahajanga ni ya wenyewe. Wa kuja wasitutawale. Mpinzani wa Djaffar alikuwa mtu wa kusini. Chini kabisa: Tangazo hili limelipiwa na Marafiki wa Bombetoka.

"Mimi nimekuja, Koulsoum," Soa alisema. "Mwaka wa kumi na nne huu nimekuja. Unataka nirudi lini?"

Koulsoum aliifunga tena karatasi. Alivuka barabara na mokari zake mkononi, na njia nzima aliiona sufuria ya mama yake.

Rahamatou alijaribu kuufungua ukurasa. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa. Fazul alipopigiwa simu alicheka kwa adabu.

"Mama Koulsoum, mbona unahangaika? Ya mtandaoni ni upepo, yatapita."

"Marafiki wa Bombetoka ni nani?"

"Ni marafiki."

"Wa Djaffar?"

"Wa bahari, mama." Akakata.

Kesho yake Koulsoum akaenda ofisi ya uchaguzi. Karani, bwana mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilimtuliza kidogo.

"Kampeni ya redio ningeipima kwa dakika," alisema. "Bango la ukutani ningelipima kwa mita. Hii ya ndani ya simu, mama, tunaikimbiza na hatujavaa viatu. Mgombea hutakiwa aseme katumia nini na kapewa na nani. Nilimuuliza Djaffar jana, tangazo lilipotoka. Anasema Marafiki hao hawajui."

"Anasema uongo."

"Labda. Niletee kitu kinachowaunganisha, nitaandika na kupiga muhuri."

Koulsoum alirudi kwa miguu, na kabla hajafika Mahabibo alikuwa ameshajua la kufanya. Aliwaita wanawake wote.

"Tunazirudisha leso."

Kurudisha leso ni jambo ambalo wengi wao walilisikia tu kwa wazee. Leso hairudishwi kwa aliyetumwa, hurudishwa kwa mama wa mtoaji, mchana, mkononi. Mama akiipokea, amekubali kuwa nguo ilitoka nyumbani kwake. Akiikataa, aseme mbele ya watu kuwa si yake.

"Kurudisha nguo ya mtu ni kumvua hadharani," Hadidja alisema. "Na harusi yangu je? Niwe nimemwoza binti kwa leso ya aibu?"

"Yeye ametuvua uso, wewe unalilia kiuno," Koulsoum alimjibu. "Nguo utapata nyingine. Uso je?"

Wengine wakacheka. Hadidja akafunua pakacha, akaitupa ya kwake kwenye beseni la maji. "Haya. Lakini sabuni analeta nani?"

Wakazifua, wakazipiga pasi, wakazikunja moja moja. Jumamosi baada ya adhuhuri wakatoka arobaini, kila mmoja na leso yake kichwani, wakiimba, kuelekea nyumba ya Koko Zaïnabou, yaani Bibi Zaïnabou, mama mzazi wa Djaffar. Watu walitoka madukani na simu zao. Rahamatou, mtoto mgongoni, alikuwa anarusha mubashara kwa jina lake mwenyewe.

Fazul alisimama mlangoni mikono ameitanua. "Mmelipwa na nani nyinyi?"

"Sisi ndio tunaokuuliza hivyo," Koulsoum alisema, akampita.

Koko Zaïnabou alikuwa amekaa barazani. Mwanawe Djaffar alikuwa nyuma yake, kanzu nyeupe, jasho usoni. Koulsoum akapiga magoti, akainyoosha leso kwa mikono miwili.

"Koko, shikamoo. Tumeleta nguo. Kama hazikutoka hapa, tuambie, tutamtafuta mwenyewe."

Bibi aliichukua, akaisogeza karibu na jicho lake zima, akapitisha kidole kwenye maandishi. Djaffar akainama. "Mama, hizo hatuzijui."

"Huzijui?" Bibi aligeuka. "Ulinionyesha picha tatu kwenye simu yako, nikakwambia hii ya zambarau, nyekundu inachuja. Leo huzijui?"

"Mama, watu wanapiga picha."

"Wapige. Mimi nikatae nguo niliyoichagua, mchana, mbele ya Nuru? Siku yangu ikifika nitaoshwa na nani, na wewe?" Akanyoosha mikono. "Lete, mwanangu. Lete zote."

Akazipokea zote arobaini, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Jumatatu karani aliitazama video mara mbili, akaandika malalamiko, akapiga muhuri, akampa Koulsoum nakala.

Jioni hiyo Fazul alifika uani, mara hii bila kicheko. Picha ingefutwa. Ukurasa ungerudishwa, na watu wake wote elfu kumi na mbili. Koulsoum aende tu akaiondoe karatasi ya malalamiko.

Rahamatou alimtazama mama yake kwa macho yaliyojaa. Mle ndani ya ukurasa mlikuwa na harusi yake, na mtoto wake alipopewa jina, na video ya zamani yenye sauti ya marehemu baba yake akicheka nyuma ya kamera. Hakuwa nazo pengine popote. Koulsoum aliliona hilo jicho, na lilimchoma.

"Karatasi haitoki," akasema.

"Utapoteza watu wote wale, mama," Fazul alisema.

"Nitapoteza. Wewe hukuwapata, huwezi kuniuzia."

Fazul alipoondoka, Rahamatou alilia, na Koulsoum akamchukua mtoto, akamwacha alie. Kisha akamwambia afungue ukurasa mpya.

"Weka picha ya karatasi yenye muhuri. Andika leso alitoa nani, tangazo alilipa nani, na neno la siri alitoa nani."

"Na mimi, mama?"

"Na wewe. Jiandike wa kwanza, wasije wakakuandika wao."

Rahamatou aliandika polepole, akifuta, akirudia. Mpaka saa ya isha walikuwa wameufuata watu kumi na mmoja. Soa alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Fazul.

"Nimwondoe?"

"Mwache," Koulsoum alisema, akimbembeleza mtoto. "Asome."