Doyle, Kofia

Verlene Tackett alikuwa amepiga picha za leseni za bastola miaka ishirini na sita, kwenye duka la dawa la mji mdogo wa Texas, na kwenye masharti hakuwa na mchezo: ukuta mweupe, kichwa wazi, kivuli marufuku. Wachunga ng'ombe walinuna, lakini kofia walivua.

Siku hiyo alikuja rafiki yake Orpha. Tangu amzike mumewe, Doyle, alikuwa akisikia hatua za mtu barazani, ndiyo maana akataka bastola. Alikaa kichwa wazi, lakini pichani, ukutani nyuma yake, palikuwa na kivuli cha mtu mwenye kofia pana.

Verlene alisogeza taa, akapiga tena. Kofia ilikuwa palepale.

"Ni Doyle huyo," Orpha alisema polepole. "Hata mezani alikuwa haivui."

"Kwangu ataivua," Verlene alifoka, akiukazia macho ukuta. "Doyle, kofia."

Kwenye picha ya tatu kivuli hakikuwa na kofia. Ila kilikuwa kimesogea, na mkono wake ulikuwa begani kwa Orpha.

Orpha alijipapasa bega. Kisha akazichana fomu za bastola.

"Picha hiyo nipe mimi, shoga," alisema.