Mdaiwa Wetu Alikuwa Kaburini

Hati ya madai niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili na mama aliamini anayejua pembetatu hashindwi na mahakama. Baba alikufa msimu wa pamba, lori lilipopinduka karibu na Tinde. Mwenye lori alikuwa anaendesha mwenyewe, kwa breki alizojua ni mbovu. Naye alikufa palepale. Mama alitaka njigu, fidia ya kifo kwa desturi yetu Wasukuma: maksai wawili wa kulimia, kabla ya mvua. Wakikosekana, tungelima kwa jembe la mkono, na mimi shule basi.

Kwenye nafasi ya mdaiwa nikaandika jina la marehemu. Karani wa mahakama akalisoma mara mbili.

"Binti, samansi hii nani ataipeleka makaburini?"

"Mpeni katekista, mzee. Huwa anaongea na marehemu wote kila Novemba."

Mama akanifinya. Karani akatueleza kwamba marehemu hashtakiwi, anashtakiwa msimamizi wa mirathi yake, na ukoo ulikuwa haujamteua.

Tukaenda kwa mjane wa mwenye lori. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Tukamkuta anatwanga mtama, zizi nyuma yake tupu.

"Mmekuja kudai," akasema, baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Tumekuja," mama akajibu, macho chini.

"Basi daini, dada yangu. Mashemeji wamewaswaga maksai wote wanne kwao. Nikiuliza mimi, wanasema nina haraka ya kuolewa. Ninyi mkidai damu, hawatalala."

Yale maneno makali nikayameza. Yalikuwa mazuri, nimemwekea akiba mwalimu wa hesabu.

Kweli, ukoo ukakaa wiki ileile. Lakini nani awe msimamizi, ili ashtakiwe? Wanaume waliokuwa wakigombea ng'ombe jana yake wakawa wanasukumiana: wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye umesoma. Mwisho wakamtwika mjane, wakaenda kunywa pombe wakijiona wajanja.

Mahakamani hakimu akamwuliza kama anakubali dai.

"Nakubali. Mume wangu alijua breki zile. Nilimwambia asubuhi ileile asiondoke."

Mama akalia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Watu walikuwa wamesema baba alijitakia mwenyewe, kupanda juu ya mizigo ya pamba.

"Mali ya marehemu iko wapi?" hakimu akauliza.

"Maksai wanne. Wawili kwa shemeji yule mwenye kofia, wawili kwa huyu anayejikuna."

Anayejikuna akaacha kujikuna. Hakimu akawaambia kwamba msimamizi ndiye waliyemchagua wenyewe, na mali yote irudi mikononi mwake: wawili atulipe sisi, wawili wabaki kwake na wanawe.

Maksai wetu waliletwa siku mawingu yalipoanza kufunga. Mama aliwazunguka, akawapapasa migongo, akawashika pembe. Halafu akanigeukia, akaniambia nikafue sare.